Chai Ilipokuwa Nyeupe, Bakuli Lilikuwa Jeusi

Vilima vya Shuiji, wilayani Jianyang katika mkoa wa Fujian, kusini-mashariki mwa China, vimeota miti na nyasi kama vilima vingine vya huko. Tofauti iko chini ya nyasi. Kilichojaa pale ni vigae: matabaka kwa matabaka ya mabakuli yaliyovunjika, yaliyopinda, yaliyogandamana moto ulipozidi kiasi, mengi yakiwa meusi au ya kahawia iliyoiva. Wahenga walisema mfinyanzi hulia gaeni. Hapa mtu anaweza kuyaona magae yenyewe, vilima vizima, yaliyotupwa ili bakuli moja safi lipatikane.

Mabakuli hayo yalikuwa ya kunywea chai. Yalichomwa hasa kati ya karne ya 10 na ya 13, zama za nasaba ya Song, na mengine yalikwenda ikulu. Vimepatikana vigae vilivyochorwa chini maandishi ya kuonyesha kwamba chombo ni cha kumhudumia mfalme. Hapo ndipo penye swali. Wakati huohuo China ilikuwa na vyombo vyeupe safi, vingine vyembamba hata mwanga unapita. Ilikuwa na vyombo vya kijani laini vinavyofanana na yu, jiwe la thamani ambalo Wachina wanalienzi tangu kale. Kwa nini basi watu wenye mali na vyeo waviache hivyo, wakatake bakuli nene, zito, jeusi, la udongo wa kawaida?

Walitaka bakuli jeusi kwa sababu chai yao ilikuwa nyeupe. Ukiushika uzi huu, vyombo vya chai vya China vinaacha kuwa orodha ya majina magumu. Kila mara namna ya kutayarisha chai ilipobadilika, ngozi ya chombo ilibadilika nayo.

Ngozi ya chombo ni kioo

Kwanza tuielewe hiyo ngozi. Wengi tunadhani mng'ao wa kikombe ni rangi iliyopakwa, kama rangi ya ukuta au vanishi ya meza. Sivyo. Ni kioo halisi, ndugu wa kioo cha dirishani, kilichoyeyukia juu ya udongo na kushikana nao tanurini. Katika makala haya nitauita utando wa kioo.

Kioo huanza na silika, kitu kilekile kinachofanya mchanga mweupe. Silika peke yake huyeyuka kwenye nyuzi 1,700 hivi za Sentigredi, joto lisilofikiwa na tanuri ya kuni. Lakini ikichanganywa na jivu la kuni, lenye kalisi na potasiamu, huyeyuka mapema zaidi, kati ya nyuzi 1,200 na 1,300. Ukiongeza udongo kidogo, alumina iliyomo hukifanya kioo kilichoyeyuka kiwe kizito kama asali, kikawahi kushika kabla hakijachuruzika chote. Jivu, udongo na jiwe lililosagwa, basi. Mapishi mengi ya kale ya Wachina yalizunguka hapo.

Na mwanzo wake ulikuwa jikoni mwa moto wenyewe. Zaidi ya miaka 3,000 iliyopita, zama za nasaba ya Shang, jivu la kuni lilikuwa likipeperuka ndani ya tanuri na kutua mabegani mwa mitungi. Moto ulipokuwa mkali wa kutosha, jivu hilo liliyeyuka na kuacha madoa ya kijani yanayong'aa. Wafinyanzi wakaona kinachotokea, wakaanza kulikoroga jivu na maji na kulipaka kwa makusudi.

Chini ya ngozi kuna mwili, nao ni wa aina tatu kwa makadirio. Chungu chetu cha kupikia na mtungi wa maji huchomwa kwa moto mdogo. Mwili wake hubaki na vitundu, na ndiyo sababu maji ya mtungini hupoa, yanapopenya nje na kukauka. Ukipandisha moto kupita nyuzi 1,200, udongo unaofaa hujibana na kuwa kama jiwe, ukiupiga kwa kucha unalia. Mabakuli ya Shuiji ni ya aina hii. Aina ya tatu ni kauri, inayotaka udongo mweupe wa kaolini na jiwe jeupe lililosagwa, ukachomwa karibu nyuzi 1,300 mpaka mwili wenyewe unakaribia kugeuka kioo. Jina kaolini limetokana na Gaoling, kijiji kilicho karibu na mji wa kauri wa Jingdezhen.

Chuma kimoja, rangi nyingi

Sasa rangi. Ukitazama kikombe cha kijani cha Longquan, mji wa tanuri mkoani Zhejiang, na bakuli jeusi la Shuiji, utaapa kwamba mafundi walitumia madini mawili yasiyohusiana. Yote mawili ni chuma. Utando wenye chuma kiasi cha asilimia 1 hadi 3 hutoa kijani. Chuma kikifika asilimia 5 hadi 8, utando huwa wa kahawia nzito au mweusi.

Kiasi peke yake hakitoshi, kwani moto nao lazima upumue ipasavyo. Tanuri ikipata hewa tele, chuma hushiba oksijeni, na utando wa chuma kidogo hutoka wa manjano, kama chai ya rangi iliyotiwa maji mengi. Fundi akiziba matundu na kuongeza kuni, moto hukosa hewa. Moshi wenye kiu ya oksijeni huinyang'anya kutoka kwenye chuma kilichomo ndani ya utando, na manjano hugeuka kijani. Hakuna anayeweza kuliona hili likitokea. Fundi husoma rangi ya miali na moshi, huamua, kisha hungoja siku kadhaa tanuri ipoe ndipo ajue kama aliamua vyema. Kila nikishika kikombe cha kijani kilichotoka sawasawa, hilo ndilo ninalolifikiria kwanza.

Wachina huviita vyombo hivi vya kijani qingci. Neno qing hubeba kijani, samawati na vyote vilivyo kati yake, na ndiyo maana chombo kimoja huitwa cha kijani na mtu mmoja na cha buluu na mwingine. Wazungu huviita celadon, jina lililotoka Ufaransa. Likikuchanganya, jua tu kwamba ni qing ileile.

Lu Yu alikataa weupe

Katika karne ya 8, zama za nasaba ya Tang, aliishi mtu aitwaye Lu Yu, mwandishi wa Chajing, kitabu cha kale kuliko vyote tulivyonavyo kinachohusu chai peke yake. Chai ya siku zake iligandamizwa kuwa vitumbua, ikaokwa, ikasagwa na kuchemshwa kwenye sufuria pamoja na chumvi kidogo. Mchuzi wake ulielekea wekundu.

Lu Yu alivipanga vyombo kwa namna ambayo ingemshangaza mfanyabiashara wa kauri wa leo. Mabakuli meupe ya Xing, yaliyosifiwa kuwa kama fedha na theluji, hakuyapa nafasi ya kwanza. Aliyapa nafasi hiyo ya kijani ya Yue, kutoka Zhejiang. Mojawapo ya sababu zake ilikuwa hii: weupe wa Xing uliufichua wekundu wa chai, na ukijani wa Yue uliifanya chai ionekane ya kijani. Vyombo vya manjano vya Shou, alisema, huifanya chai ionekane ya zambarau, na vya kahawia vya Hong huifanya nyeusi, hivyo havifai. Katika hoja hiyo hakuuliza bakuli ni ghali kiasi gani. Aliuliza linaifanyia nini chai.

Kijani cha Yue kilifika mbali. Mwaka 1987, chini ya mnara wa hekalu la Famen mkoani Shaanxi, kilifunguliwa chumba kilichofungwa tangu mwaka 874. Ndani yake palikuwa na vifaa vya chai vya fedha iliyopakwa dhahabu, pamoja na vyombo vya Yue vya daraja la ikulu vilivyoitwa "rangi ya siri". Kwa karne nyingi wasomi walibishana rangi hiyo ilikuwaje. Sasa wanaiona: kijani cha maji matulivu, mpaka vyombo vitupu vinaonekana kama vina maji ndani.

Povu, na mashindano

Zama za Song chai iliacha kuchemshwa sufuriani. Vitumbua vya chai vilisagwa kuwa unga laini, vikachekechwa, na unga ukatiwa moja kwa moja kwenye bakuli. Mtu aliongeza maji ya moto kidogo, akaukanda kuwa uji mzito, kisha akaongeza maji taratibu huku akipiga kwa kijifagio cha mianzi kama anayepiga mayai. Povu liliinuka. Chai ya daraja la juu, hasa ile ya bustani za mfalme za Beiyuan hukohuko Fujian, ilikamuliwa maji ya majani kabla ya kugandamizwa, kwa hiyo unga wake ulikuwa hafifu wa rangi na povu lake jeupe.

Watu wakaanza kushindana. Povu la nani ni jeupe zaidi? La nani linashika ukingo wa bakuli kwa muda mrefu? Povu likianza kuachia ukingo, maji huonekana na kuacha alama ya duara, na ambaye alama yake ilitokea kwanza alishindwa. Weka povu jeupe kwenye bakuli jeupe uone kama mwamuzi atatambua lolote.

Cai Xiang, ofisa na mwandishi mashuhuri wa hati, aliliandika jambo hili katikati ya karne ya 11 katika maelezo yake ya chai. Chai ni nyeupe, alisema, kwa hiyo bakuli jeusi ndilo linalofaa, na yale ya Jian'an, jina la zamani la sehemu hizo za Shuiji, yenye weusi wa kuelekea buluu na mistari kama manyoya ya sungura, ndiyo bora. Akaongeza jambo la pili ambalo wengi hulisahau: yana kuta nene, yakipashwa moto huchelewa kupoa. Bakuli baridi huangusha povu. Mfalme Huizong, aliyetawala kuanzia mwaka 1100 hadi mwanzoni mwa 1126 na kuandika mwenyewe kuhusu chai, alikubaliana kuhusu weusi na mistari.

Unene ule basi haukutokana na ufundi hafifu. Udongo wa Shuiji umejaa chuma na mchanga, mwili wake hushika joto. Kinywa cha bakuli kimefunguka kama faneli ili kijifagio kipate nafasi. Chini kidogo ya ukingo kuna mfuo unaozunguka, unaofaa kumwonyesha mtayarishaji mahali pa kusimamisha maji.

Ile mistari ya manyoya ya sungura hakuna aliyeichora. Tanuri za Shuiji zilijengwa kupanda kilimani, ndefu kama nyoka mlalo, na Wachina huziita tanuri za joka; mojawapo iliyofukuliwa inazidi meta 130. Kila bakuli liliwekwa ndani ya kisanduku chake cha udongo kulikinga na jivu. Moto ulipokaribia nyuzi 1,300, vijipovu vya gesi viliinuka ndani ya utando ulioyeyuka, vikabeba chuma mpaka juu. Kila kilipopasuka kilibakiza doa lenye chuma kingi. Utando ulikuwa bado unateremka kwenye mteremko wa bakuli, ukayavuta madoa hayo kuwa mistari. Ulipopoa, chuma kiliganda kwa fuwele zenye rangi ya fedha, dhahabu au kutu. Utando usipoteremka sana, madoa hubaki duara, nao huitwa matone ya mafuta.

Mteremko huo huonekana pia chini ya bakuli. Fundi aliacha sehemu ya chini bila kupaka, kwani utando ungefika kwenye kitako ungeligandisha bakuli na kisanduku. Unasimama pale kwa ukingo mnene, wakati mwingine kwa tone moja kubwa linaloning'inia kama chozi. Juu, mdomoni, hubaki mwembamba na mkavu, ndiyo maana mabakuli mengi yalivishwa pete ya fedha au dhahabu.

Mwaka 2014 watafiti waliochunguza vigae vya Shuiji kwa hadubini za kisasa walikuta katika utando aina ya oksaidi ya chuma iitwayo epsiloni. Maabara za leo huipata kwa tabu, chembe ndogo tu, na ina sifa za sumaku zinazowavutia wahandisi. Wafinyanzi wa Song waliizalisha kwa kuni za misonobari, bila kuijua.

Watawa wa Japani waliokwenda kusoma kwenye mahekalu ya mlima Tianmu walirudi na mabakuli haya, na kwa matamshi yao jina la mlima likawa tenmoku. Leo dunia hutumia jina hilo kwa karibu kila utando mweusi, jambo linaloleta vurugu kubwa. Jina la Kichina ni jianzhan, yaani bakuli la Jian. Japani yamehifadhiwa matatu yasiyo na kifani, ambayo madoa yake yamezungukwa na mwanga wa buluu unaobadilika ukiligeuza bakuli. Moja liko Tokyo, moja Osaka, moja katika hekalu dogo la Kyoto, na yote ni hazina za taifa. Lingine la namna hiyo, lililovunjika na kukosa sehemu, lilipatikana Hangzhou mwaka 2009.

Mwaka 1391

Zhu Yuanzhang alizaliwa katika umaskini wa wakulima, akaja kuwa mwanzilishi wa nasaba ya Ming. Mwaka 1391 aliamuru kwamba chai ya vitumbua isipelekwe tena ikulu kama kodi, kwa kuwa kuitengeneza kuliwachosha watu. Yapelekwe majani matupu. Chai ya kuloweka majani ilikuwapo tangu kabla yake, ila sasa ikulu nayo iliifuata.

Bakuli jeusi likakosa kazi. Majani yaliyolowekwa hayatoi povu. Yanatoa maji mepesi ya kijani au ya dhahabu, na mtu anataka kuyaona. Hapo vyombo vyeupe ambavyo Lu Yu alivishusha vikapanda kileleni. Jingdezhen, mkoani Jiangxi, ilikuwa na kaolini, jiwe, mto wa kusafirishia na mafundi, na katika enzi ya Yongle, 1403 hadi 1424, ilitoa weupe ulioitwa "mtamu", laini kama sukari. Utando wa kauri hii karibu hauna chuma kabisa, hivyo unapitisha rangi ya mwili mweupe ulio chini yake. Maua ya buluu huchorwa kwa kobalti juu ya udongo kabla ya utando, ndiyo maana hayafutiki hata ukisugua kwa miaka.

Buli nalo likashika nafasi kuu mezani. Ajabu ni kwamba mabuli yaliyopendwa kuliko yote, ya Yixing mkoani Jiangsu, hayana utando wowote. Udongo wake wa zambarau unatosha. Hakuna anayetazama rangi ya chai ndani ya buli. Vikombe vinavyoandamana nalo, hata hivyo, huwa vyeupe ndani.

Na vile vya kwetu pwani

Msomaji wa Kilwa au Malindi pengine ameshaona vigae vya kijani vya Longquan vikiokotwa kwenye magofu. Vimepatikana Kilwa Kisiwani, Gedi, Manda na Shanga, na kwenye makaburi ya nguzo ya Kunduchi na Mambrui mafundi walipachika mabakuli ya Kichina ukutani. Utando wa vile vya Longquan ni huohuo niliouelezea, chuma kidogo na moto ulionyimwa hewa. Hivyo vilikuwa zaidi mabakuli na sahani za karamu na heshima, si vyombo vya chai.

Lugha yetu nayo imehifadhi kitu. Kauri kwa Kiswahili ni chombo cheupe cha thamani, na pia ni yale makombe madogo ya baharini. Waitaliano walipoviona vyombo hivi waliviita porcellana, jina lao la kombe hilohilo.

Ukitaka kununua

Nyufa nyembamba kama utando wa buibui, zinazopamba vikombe vya mitindo ya kale ya Ge na Ru, si kasoro. Utando umesinyaa kuliko mwili wakati wa kupoa. Chai hupenya humo na kuzitia rangi, na wengi hupenda kuona ramani hiyo ikikua mwaka hadi mwaka. Ila kikombe chenye nyufa kikaushwe vizuri.

Kuhusu risasi, ile metali yenye sumu, tofautisha moto. Utando wa jivu au jiwe uliochomwa juu ya nyuzi 1,200 hauhitaji risasi. Risasi ilitumika kwenye utando wa moto mdogo, kama ule wa rangi tatu wa zama za Tang uliotengenezewa zaidi makaburi, na kwenye rangi zinazopakwa juu ya utando na kuchomwa mara ya pili. Mwaka 2014 tajiri Liu Yiqian alinunua Hong Kong kikombe kidogo chenye picha za kuku, cha enzi ya Chenghua ya nasaba ya Ming, kwa zaidi ya dola milioni 280 za Hong Kong, akanywea chai na picha ikasambaa. Kile kilikuwa kikombe cha mvinyo, na rangi za kuku wake zimepakwa nje, nyingi juu ya utando. Kwa kikombe cha kawaida cha bei nafuu, chagua ambacho ndani yake hakuna picha unazozihisi kwa kidole.

Ufundi wa Shuiji ulikufa baada ya mabakuli yake kukosa wateja, na majaribio ya kuufufua yalianza mwishoni mwa miaka ya 1970. Leo Jianyang ina karakana nyingi, na bakuli la manyoya ya sungura linaweza kupatikana kwa bei ya mtu wa kawaida. Mimi ninalo moja dogo. Mara ya kwanza nilitia chai ya rangi na sikuona chochote, giza juu ya giza, nikahuzunika. Siku nyingine nikalipasha kwa maji ya moto, nikatia maziwa niliyoyapiga mpaka yakatoa povu. Lilisimama jeupe kabisa katikati ya weusi, na mistari ya fedha ikatokea kulizunguka. Nikakaa kulitazama mpaka likaanza kuachia ukingo, upande wa kushoto kwanza, na duara la maji likajichora pale.